Hatua Arobaini Kutoka Josho

Bordesley Green, Birmingham
9 Novemba 2025

Wajina wangu, Roselyne Nasimiyu,

Pokea salamu zangu ukiwa umeketi, maana nakujua, wewe husoma ukitembea. Sisi huku tu wazima. Shangazi yako Brigid bado ni nesi wa zamu, akirudi asubuhi anavua kiatu kimoja na kulala na kingine. Mwanawe Lennox amehamia Selly Oak na wanafunzi wenzake watano. Wako nyumba moja na sufuria moja, na sufuria yenyewe ni yangu. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, na hakuna aliyewahi kulala njaa kwa sababu hiyo. Baridi imeanza. Navaa soksi mbilimbili.

Utajiuliza nani ameshika kalamu, maana mkono wangu haujui zaidi ya kuweka kidole gumba. Ni jirani yangu Thuwaiba, Mzanzibari, mshonaji. Cherehani yake iko sebuleni na ulimi wake ni mkali kuliko mkasi wake. Nasema, anaandika. Nimemkataza kunisahihisha. Anadai Kiswahili changu cha bara kina matope. Nimemwambia aandike na matope yake.

Simu nimeikataa. Juzi nilikupigia mara tatu, akashika kijana wa ofisi: "Mheshimiwa yuko kwa mkutano. Nani anaongea?" Nani anaongea! Mimi niliyekukata kitovu! Barua ya karatasi utaifungua mwenyewe.

Sasa nilie kidogo kwa furaha. Brigid amenisomea kwamba wamekufanya mwenyekiti wa kamati ya ardhi katika bunge la kaunti. Nakumbuka 2017 uliposhindwa ukanipigia simu ukisema, "Nyanya, watu hawanitaki." Nikakuambia watu hawajakuona, vaa gumbuti uingie kwenye matope yao. Ukaenda nyumba kwa nyumba miaka mitano, na 2022 wakakupa wadi. Nawashukuru wote, hata wale waliokunywa chai yako wakampigia mwingine kura, maana nao walikufunza kupika chai.

Nasikia mmeanza na ardhi ya josho. Vizuri. Wewe ulizaliwa josho limeshakauka, hukuona. Ng'ombe wote wa skimu, mashamba yote tuliyogawiwa, walikuja pale kila Alhamisi, wanatumbukizwa kwenye dawa, wanatoka upande wa pili wakipiga chafya, bila kupe hata mmoja. Babu yako Cleopas alikuwa mwangalizi wa josho miaka kumi na minane. Akitaka chai hakutuma mtu. Alisimama kule na fimbo yake akapaza sauti, "Nasimiyu weee!" nami jikoni nasikia. Nikiwa na shughuli namjibu, "Njoo uchukue mwenyewe, mimi si wa hoteli!" Anakuja.

Nakukumbusha jambo moja ulilolijua tangu utoto. Nikifa msinizike hapa. Mnirudishe nyumbani, mnilaze kando ya Cleopas, karibu na ule ua wa miiba wa kayaba, upande wa kushoto nilipoacha nafasi yangu. Mwambie baba yako Bethuel asipande ndizi pale. Nafasi bado ipo? Nijibu hilo.

Ni mimi nyanya yako,
Nasimiyu mkubwa


Nyumbani, 14 Desemba 2025

Nyanya mpendwa,

Barua yako ilinifikia baada ya wiki tatu na nimeisoma nikiwa nimeketi, mara mbili. Kijana wa ofisi anaomba msamaha. Nimemfundisha sauti yako, nimemwambia akisikia mtu anafoka kutoka Uingereza anipe simu hata kama niko mbele ya gavana.

Sisi ni wazima. Mahindi tumevuna, yako kwenye ghala, mvua haikutuvuruga sana. Goti la Baba linamsumbua asubuhi, lakini ukimwambia akae chini anashika jembe. Anakusalimu. Achieng jirani yako anakusalimu pia, anasema macho yamepungua lakini masikio yameongezeka.

Kazi ni nyingi. Tuna ramani ya skimu ya mwaka wa sitini na tano, ile waliyogawiwa wazee mlipotolewa kwenye shamba la mzungu. Kila kitu cha umma kimechorwa humo: shule, zahanati, soko, josho. Mpima ardhi wetu ni Kipchumba, mzee mtaratibu sana, anapima kila kitu mara mbili na haongei akipima. Tunatafuta bikoni za zamani, vile vigingi vya saruji vilivyozikwa kwenye kona, kisha tunaona nani amevuka. Josho limeliwa karibu nusu. Kuna tajiri mmoja amejenga maghala matatu ya mahindi na kuweka geti. Kwa jumla tumewapata watu saba ambao nyua zao zimeingia ndani. Ripoti ikipita, ardhi itarudi kwa wananchi na josho litafufuliwa. Wafugaji wananishukuru mpaka naona haya.

Nyanya, bila wewe nisingekuwa hapa. Kila ninaposimama kuongea nasikia ukiniambia, "Vaa gumbuti."

Kuhusu hayo mengine, tutaongea.

Mjukuu wako,
Roselyne


Bordesley Green, Birmingham
11 Januari 2026

Wajina wangu,

Asante kwa barua na kwa kumfundisha yule kijana. Krismasi tulikula vizuri. Thuwaiba alituletea pilau ingawa sikukuu si yake, na mimi nilimpelekea chapati, akazigeuza huku na huku kama polisi anakagua leseni. Theluji imeanguka siku mbili. Ni nzuri ukiwa ndani.

Haya. Umeniandikia kuhusu ramani, mvua na goti. Nimekuuliza kama nafasi yangu bado ipo, ukasema tutaongea. Tangu lini wewe na mimi tukawa watu wa tutaongea?

Kisha umeandika saba. Nilimwambia Thuwaiba asome tena pale. Akasoma, saba. Mimi darasa sikulijua, lakini vidole ninavyo. Mwenye maghala, mmoja. Mwalimu mstaafu. Yule wa kinu cha kusaga. Ndugu wawili wasiosemeshana, kila mmoja na ua wake, hao ni watano. Mjane wa fundi. Kanisa lililopeleka choo upande ule. Hao ndio saba wako. Waliopakana na josho ni wanane, Roselyne. Wa nane ni mimi.

Usimlaumu mtu. Hakuna aliyenidokeza. Najua kwa sababu nilipanda mwenyewe.

Ilikuwa 1984. Cleopas amelala ndani, mapafu yamechoka, hawezi kusimama kwenye josho. Bethuel alikuwa mbali kazini, Brigid alikuwa mtoto wa shule. Kamati ya josho ikaja na uji na kuni. Wakaniambia, "Mama, chukua kile kipande cha malisho kilichopakana nawe, ulime mboga mpaka mgonjwa apone." Walinilimia wao wenyewe, siku moja, watu ishirini na majembe. Nikapanda sukuma wiki na kunde. Ng'ombe wa Alhamisi wakawa wanakula, nikapanda kayaba pembeni, hatua arobaini kutoka mpaka wetu wa kweli. Unajua kayaba. Ikishika haiulizi ilipandwa kwa ruhusa ya nani.

Mgonjwa hakupona. 1986 vijana waliotumwa kuchimba kaburi waliangalia ua, wakaona ndio mpaka, wakachimba karibu nao ili nyumba ipumue. Mimi nilijua bikoni iko wapi. Nilikuwa nimeikalia. Nilitandika mkeka juu yake nikaketi na waombolezaji siku tatu, nikawaangalia wakichimba ndani ya ardhi ya watu, nikanyamaza. Nikisema, watafukia na kuanza upya, na baadaye wataniuliza nitarudisha lini. Nilikuwa na watoto wa kulisha.

Hapa baraza la jiji limenipa kishamba, wanatoa kwa wazee na wanaopenda kulima. Kila kipande kina namba na kamba. Changu kimepakana na cha Thuwaiba. Mwaka juzi kunde zangu zilivuka kamba, akaja mama wa baraza na futi yake, akaniambia kwa upole nirudi nyuma. Nikang'oa mstari mzima papo hapo. Sikula siku ile. Thuwaiba akadhani nasikitikia kunde.

(Thuwaiba anaandika: nilidhani hivyo kweli. Nilimpa zangu.)

Sasa niambie mambo yalivyo.

Nyanya yako


Nyumbani, 20 Februari 2026

Nyanya,

Natumaini mko salama huko na baridi imelegea. Baba ni mzima. Mimi sijalala vizuri.

Tulikuta bikoni yako Oktoba, kabla hata hujaniandikia barua ya kwanza. Iko nyuma ya jikoni, chini ya jiwe la kunolea panga. Kipchumba alifagia udongo kwa kiganja, akasoma namba, akaangalia ua, akaangalia kaburi. Kisha akakunja futi yake. "Mheshimiwa, leo jua ni kali. Tutaendelea kesho." Hajalitaja tena. Kesho yake tulianza upande mwingine, na niliporudi ofisini niliandika saba kwa mkono wangu mwenyewe.

Sikukwambia kwa sababu uliuliza kama nafasi yako ipo. Ipo, Nyanya. Hakuna ndizi, nyasi tu. Ila si yetu.

Mwenye maghala anajua. Alikuja ofisini akaketi bila kukaribishwa. "Nyanyako alitangulia kuiba, mimi nilimfuata nyuma. Futa jina langu, nami sitalitaja lake." Nikamfukuza. Sasa anazunguka kwa wajumbe wa kamati wanitoe kwenye kiti. Baba nilimweleza. Alisimama na goti lake akasema, "Anayetaka kugusa kaburi la baba yangu aanze na mimi," akatoka, hatujaongea tangu hapo.

Nikitaja la nane, nakunyang'anya mahali pako na kuvuruga kaburi la Babu. Nisipolitaja, mimi ni kama wale wengine tu. Nimeandika barua ya kujiuzulu uenyekiti. Mtu asiye na kaburi mle afanye hiyo kazi. Nitaipeleka mwisho wa Machi, ripoti itakapowasilishwa.

Nisamehe.
Roselyne


Bordesley Green, Birmingham
22 Machi 2026

Wajina wangu, mama yangu, mheshimiwa,

Salamu. Nimechelewa kujibu, kulikuwa na mambo. Brigid hajambo. Maua ya njano yametoka kila kona, hata kando ya barabara ya basi, hakuna aliyeyapanda wala anayeyachuma. Barua hii Thuwaiba ataipiga picha na kukutumia kwa simu ya Brigid leo leo, maana posta ingekukuta umeshafanya ujinga. Ya karatasi itafuata.

Hiyo barua ya kujiuzulu washia jiko.

Sikiliza. Kabla sijafoka nataka kushukuru, kwa sababu nikianza na kufoka sitafika. Kipande kile sikuiba. Nilipewa na watu waliokuwa na shida kama zangu. Mama yako alipokuja kuolewa alikuta mboga pale. Brigid alisoma kwa kunde za pale mpaka akawa nesi, akaja huku, akanileta nimlee Lennox. Dawa ninayomeza asubuhi imetoka kwenye kipande kile ukifuata vizuri njia yake. Na wewe uliota pale pale, ulikuwa unatambaa kwenye sukuma ukila udongo. Watu ishirini walinilimia, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza, "Nasimiyu, utarudisha lini?" Miaka arobaini hawajauliza. Mimi nikadhani wamesahau, na nikafurahi kwamba wamesahau. Hilo ndilo linaloniuma. Nilipaswa kusema asante mwaka wa pili, nikapanda kayaba nyingine.

Nikwambie kitu kingine. Unajua sisi wa Kanisa la Marafiki, hao Quaker, huko nyumbani tunaimba kanisani mpaka mabati yanacheza. Marafiki wa hapa wanakaa kimya. Saa nzima! Mara ya kwanza nilimuuliza Brigid nani amefariki. Lakini utaratibu wao ni kwamba ukisukumwa moyoni unasimama unasema, na hakuna anayekujibu. Miaka yote sijasimama. Jumapili iliyopita nikasimama, nikashika kiti cha mbele, nikasema kwa Kiswahili, "Nimekalia bikoni ya watu miaka arobaini. Nimechoka kukaa." Aliyeelewa ni Brigid peke yake, akanishika mkono. Baada ya ibada mzee mmoja akaniletea biskuti mbili. Nafikiri alielewa kitu.

Basi fanya hivi. Andika wanane, na mimi uniweke wa kwanza. Huyo wa maghala akikuta jina langu juu yake atakosa cha kunishikia. Itisha baraza pale pale kwenye josho, sio ofisini. Wasomee sehemu hii ya barua, ile ya shukrani, usiipambe. Kisha ua ukatwe. Asiukate askari wala tingatinga. Mwambie Bethuel mama yake amesema: "Ua huo niliupanda mimi, na wewe mkono wako ni wangu. Nenda ukate." Akikataa mwambie nitakuja mwenyewe na fimbo yangu ya hospitali.

Cleopas mwacheni alale kama watu watakubali. Alichunga ng'ombe wao miaka kumi na minane, sidhani watamfukuza. Mimi mtanilaza upande wetu wa bikoni.

Na usije ukaniambia umeninyang'anya. Hukuninyang'anya kitu. Nilikuombea upate kiti, sikuomba ukifunike kwa blanketi yangu.

Ni mimi, wa nane,
Nasimiyu

Bi Roselyne, asalaam aleikum. Ni mie Thuwaiba, naongeza haya yeye akiwa amekwenda kujitilia chai. Kanikataza, lakini sikuapa. Fimbo ya hospitali aliyoitaja si maneno ya mzaha. Alilazwa siku kumi na moja mwanzoni mwa mwezi huu, moyo. Barua yako ya Februari nilimsomea kitandani. Hakulia. Akaniuliza hiyo nyasi iliyo mahali pake ni ndefu au fupi, nami nikamwambia hukuandika. Sasa hajambo, anagombana na daktari. Nilidhani ni haki yako kujua.


Nyumbani, 3 Mei 2026

Nyanya wangu,

Natumaini moyo wako unatulia, na usimgombeze Thuwaiba. Sisi hatujambo. Mvua ya kupandia imeanza, watu wako shambani. Nimengoja yote yaishe ndipo nikuandikie, ili nisikupe nusu.

Barua ya kujiuzulu niliitia jikoni. Tuliwasilisha ripoti tarehe thelathini Machi, ikiwa na majina manane, na la kwanza ni lako. Mwenye maghala alikuwa kwenye roshani ya wageni. Jina lako liliposomwa alikuwa ameshafungua mdomo, akaufunga tena.

Baraza tuliliitisha Alhamisi, siku ya josho. Walikuja wengi, wengine na ng'ombe wao kama zamani, ingawa hakuna dawa. Nilisoma ile sehemu. Nilifika pale kwenye "nilipaswa kusema asante mwaka wa pili" nikausoma mstari ule mara mbili nisiuvuke, Kipchumba akanipokonya karatasi akamalizia yeye. Ndiyo mara ya kwanza wengi kusikia sauti yake.

Kisha Achieng akaomba kusimamishwa. Wakamshika mkono huku na huku.

"Huyo Nasimiyu," akasema, "anadhani ni yeye tu aliyenyamaza?"

Watu wakaangaliana.

"Mimi nilikuwa kwenye kamati. Kati ya wale ishirini tumebaki watatu. Tuliwaona vijana wakichimba. Tulijua bikoni iko wapi, na tuliona amekalia nini. Mzee wa kamati akaniambia, 'Achieng, kamwambie.' Nikamwambia, 'Kamwambie wewe.' Mtu amefiwa, utamwendea na habari ya bikoni? Tukanyamaza. Mwaka ukapita, tukaona mtoto anatambaa kwenye mboga, tukanyamaza tena. Mtoto mwenyewe ndiye huyu anatusomea barua! Mwambieni Nasimiyu hatukusahau. Tulimwachia."

Nyanya, nilikaa chini.

Halafu Baba, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa bila kuongea na mtu, akapita katikati ya watu na panga lake. Akaanza kukata kayaba kona ya juu. Miiba ilimrarua mikono. Baada ya hatua tano hivi wa kinu akaenda akamsaidia, kisha wale ndugu wawili, na nakuhakikishia walisemeshana, mmoja alisema, "Vuta," mwingine akasema, "Navuta." Jioni ua wote ulikuwa chini. Kwa wiki hiyo moja watu watano walirudisha nyua zao wenyewe. Kanisa limehamisha choo. Mwenye maghala ameenda kortini, atabaki huko kwa muda, lakini sasa yuko peke yake.

Uenyekiti nimeupoteza. Mwenye maghala alikuwa ameshawapata wajumbe. Walipiga kura wiki iliyofuata, sita kwa tano. Niliondoka na daftari langu na kikombe. Ripoti lakini ilikuwa imeshapita, hawawezi kuirudisha. Bado mimi ni mwakilishi wa wadi mpaka 2027, na baada ya hapo watu wataamua.

Kuna jambo la mwisho na nakuomba ulikubali. Baraza lilisema kaburi la Babu libaki, josho litalizunguka. Na wakasema mahali pako pabaki pia. Achieng ndiye aliyetoa hoja, mikono yote ikapanda. Kipchumba amepima, ameweka vijiti vinne. Imeandikwa na kutiwa sahihi. Nafasi yako ipo, Nyanya, na safari hii umepewa mbele ya watu.

Nyasi ni fupi. Baba aliikata mwenyewe.

Mjukuu wako anayekushukuru kwa kila kitu,
Roselyne


Bordesley Green, Birmingham
24 Mei 2026

Wajina wangu,

Salamu kwako, kwa Bethuel na mikono yake, kwa Kipchumba, na kwa wale ndugu wawili, waambie waendelee na maneno marefu zaidi. Mimi natembea mpaka kishambani na kurudi bila kupumzika. Sukuma imeota ndani ya kamba. Thuwaiba nimemsamehe, amenishonea gauni. Lennox alikuja Jumamosi, nikamsomesha barua yako kwa sauti ili nione. Alisoma polepole kama anatembea kwenye matope, lakini alifika mwisho, na kwenye maneno ya Achieng alitua akafuta macho. Kisha akaniambia kwa Kiswahili, "Nyanya, mimi nataka kuona huko." Kwa Kiswahili, Roselyne. Sufuria nimempa kabisa.

Kiti nisikie umekililia! Ulienda pale kurudisha ardhi, imerudi. Wakikaa sita juu ya kiti kimoja watakivunja wenyewe. 2027 vaa gumbuti. Wakikupa wadi washukuru, wakikunyima washukuru, urudi nyumbani kuna shamba, dogo lakini letu mpaka kwenye bikoni.

Maneno ya Achieng nilimwambia Thuwaiba ayasome mara nne. Miaka arobaini nilidhani nawaficha, kumbe walikuwa wananifunika. Sina la kusema. Mimi! Nenda nyumbani kwake, ushike mikono yake miwili, ukae naye, usiseme kitu, kama Marafiki wa huku. Ataelewa ni mimi nimekutuma.

Sasa ile nafasi. Waambie watu wa skimu nimepokea, na nimefurahi kuliko siku niliyopata viza. Kisha ng'oa vile vijiti vinne. Hapana, usinibishie, Kipchumba avitumie kwingine. Walinipa mara moja nikakaa miaka arobaini. Wakinipa mara ya pili nitakaa mpaka Bwana arudi, na ng'ombe wa Alhamisi watapita wapi? Mtanilaza upande wetu, nyuma ya jikoni, kando ya ile bikoni. Kando yake, sio juu yake.

Na usinililie kwamba nitakuwa mbali naye. Ni hatua arobaini. Kutoka kwenye josho lenyewe, ng'ombe mia wakilia, Cleopas aliniita nikiwa jikoni nami nikasikia. Ataniita. Nitasikia. Nami nitamjibu kama nilivyomjibu siku zote: njoo uchukue mwenyewe.

Atakuja. Ua haupo tena.

Nyanya yako,
Nasimiyu mkubwa